Gati na Mteremko wa Boti Ziwani: Kutafuta Fedha, Kujenga na Kutunza

Gati ya umma kwenye mwalo wa Ziwa Victoria ikijengwa vizuri, mawimbi hayaiui kirahisi. Inayoiua ni mwaka wa tatu au wa nne, pale mbao za kwanza zinapooza, bolti za bawaba zinapolegea, na hakuna mwenye shilingi ya kununua nyingine. Fedha za kujenga zilipatikana, fedha za kutunza hazikufikiriwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu kabla ya saruji. Umeandikwa kwa ajili ya kamati za BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni), serikali za vijiji na mitaa, na vikundi vya boti za watalii upande wa Tanzania. Sehemu ya ufundi inafaa ziwa lolote ambalo maji yake hupanda na kushuka.

Hesabu ya ada kabla ya ujenzi

Tuchukue mfano wa gati ndogo inayoelea pamoja na mteremko wa zege wa kushushia na kupandishia boti, vyote vikigharimu shilingi milioni 48. Usiigawe hesabu hiyo kwa miaka 20 kana kwamba kila kitu kitachakaa siku moja. Gawa kila sehemu kwa umri wake. Fremu na maboya ya milioni 18 yakidumu miaka 10 ni milioni 1.8 kwa mwaka. Mbao za sakafu za milioni 12 zikidumu miaka 8 ni milioni 1.5. Minyororo na vyuma vya milioni 4 kwa miaka 5 ni laki 8. Zege ya milioni 14 kwa miaka 30 ni kama laki 4 na elfu 67. Jumla inakaribia milioni 4.57 kila mwaka. Ongeza mlinzi wa mwalo wa shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8, na laki 8 za misumari, rangi, kamba na ufagio. Umefika kama milioni 7.2.

Boti 12 zikitia nanga kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ni mara 3,600. Milioni 7.2 ukigawa kwa 3,600 unapata shilingi 2,000 kwa kila boti inayotia gati. Kama wenye boti wanasema wataweza 500 tu, mna njia mbili za haki: punguzeni gati au tafuteni chanzo kingine cha kujazia. Kujenga kwa matumaini kwamba mambo yatajipa ni kuwajengea watoto jeneza la mbao. Hesabu hii ibandikwe kwenye ubao wa mwalo, kwa sababu mwenye boti anayeijua hatagombana na mkusanyaji.

Ada ya haki pia haiwi moja kwa wote. Mtumbwi wa kasia wa mvuvi anayeshuka na ndoo mbili za dagaa na boti ya injini inayobeba watalii 15 havichakazi gati sawasawa. Injini ndiyo inayochimba chini, na abiria ndio wanaopasua mbao.

Fedha za kuanzia

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mradi unaotaka kuingia kwenye bajeti ya halmashauri lazima uwe umeibuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema, kupitia mchakato wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (utaratibu wa wananchi kupanga miradi yao wenyewe), ukapita kamati ya maendeleo ya kata, na kumfikia mkurugenzi kabla ya Januari. Mkichelewa hapo mmesukumwa mwaka mzima. Ratiba hii inaendana vizuri na ziwa lenyewe: fedha zikitoka Julai au Agosti, mnanunua na kufinyanga vipande vya zege, kisha mnaviingiza majini Septemba na Oktoba, upepo wa kusi ukiwa umepungua na maji yako chini.

Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, umewekwa kuchochea miradi ambayo wananchi wameianza. Kwa hiyo anzeni. Mawe, mchanga na siku za kazi viandikwe kwenye daftari lenye majina, tarehe na thamani kwa shilingi, na mwenyekiti wa kijiji asaini kila wiki. Rundo la mawe lisilo na daftari halihesabiki kama mchango. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu msiitumie kujengea gati. Ule ni mkopo wa kurejesha, na gati ya umma si mali ya kikundi. Itumieni kwa boti, injini na jaketi okozi, vitu ambavyo vinaingizia kikundi kipato.

Jambo gumu zaidi ni ada kurudi mwaloni. Ada ikikusanywa kwa mashine ya POS inaingia kwenye akaunti ya halmashauri, inachanganyika na ushuru wa soko na machinjio, na mwalo unasubiri. Dawa yake ni sheria ndogo inayotaja kiwango cha ada, nani anatozwa, na asilimia ngapi inarudi kwenye matengenezo ya gati hiyo kila robo mwaka. Muombeni mwanasheria wa halmashauri aandike sentensi hiyo waziwazi, maana ahadi ya mdomo huondoka na mkurugenzi anapohamishwa. Ukihitaji mfano wa kuwaonyesha madiwani, Marekani walilitatua hivyo kwa sheria. Kwa sheria ya mwaka 1950 kodi ya vifaa vya uvuvi huenda kwenye mfuko maalumu, na mwaka 1984 mafuta ya boti yakaingizwa kwenye mfuko huohuo. Kila jimbo linalopata mgao linatakiwa kutumia angalau asilimia 15 kwa miteremko, gati na njia za kufikia maji. Serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya mradi na jimbo linajazia zilizobaki. Mtumiaji wa maji analipa, na fedha inarudi majini.

Vibali

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazoweza kuharibu mazingira. Gati kwa asili yake iko ndani ya mita hizo, basi nendeni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) na michoro yenu kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria nayo ihusishwe mapema. Waulizeni TPA (Mamlaka ya Bandari) kama eneo liko ndani ya mipaka ya bandari yao. Gati inayopakia abiria na mizigo bila kutambuliwa huitwa bandari bubu, na inaweza kufungwa siku mnayoitegemea zaidi. TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) wanahusika na usalama na leseni za vyombo vitakavyotia hapo.

Kuchagua mahali

Kaeni ufukweni wiki moja na mwangalie magugu maji yanapojikusanya. Upepo unayasukuma, na pale yanaporundikana ndipo takataka, matope na mawimbi yatakapoisumbua gati yenu. Hameni hapo. Epukeni pia mdomo wa mto, kwa sababu kila masika utashusha mchanga juu ya mteremko. Njia za viboko zinajulikana na wavuvi: kiboko hahami njia yake kwa sababu mmeweka zege.

Kisha pimeni kina. Funga kamba kwenye mti ufukweni, weka fundo kila mita mbili hadi mita 40, na mtu akiwa ndani ya mtumbwi apime kina kwa fito kwenye kila fundo. Kwenye mafundo hayohayo, kandamizeni nondo ya milimita 16 kwa mkono. Ikizama zaidi ya sentimita 50 bila nguvu, hapo pana tope, na vipande vya zege vitazama ndani yake.

Waulizeni wazee wa mwalo maji yaliishia wapi mwaka 2006 na yalipanda mpaka wapi mwaka 2020. Kati ya kina cha chini cha 2006 na vilele vya 1964 na 2020 kuna tofauti ya karibu mita tatu. Kwa mwaka wa kawaida maji hucheza kama nusu mita tu, yakiwa juu mwezi wa tano au wa sita baada ya masika. Kwenye ufukwe wenye mwinamo wa asilimia 12, maji yakipanda mita moja ukingo unarudi nyuma mita 8. Mita tatu ni mita 25. Gati ya nguzo zisizosogea, iliyojengwa kwa kipimo cha 2006, ingezama yote mwaka 2020. Hii ndiyo sababu yetu ya kupendekeza gati inayoelea, hata kama ya nguzo inaonekana imara zaidi machoni pa watu.

Mteremko wa zege

Mwinamo uwe kati ya asilimia 12 na 15, yaani kila mita 10 kwenda mbele ushuke mita 1.2 hadi 1.5. Chini ya 12, gari linalovuta tela linalazimika kuingia majini mpaka ekseli ndipo boti ielee. Juu ya 15, magurudumu yanateleza kwenye utelezi wa mwani. Upana wa njia moja ni mita 4.5. Mwisho wa mteremko ufike angalau mita moja chini ya maji ya kiangazi.

Sehemu ya nchi kavu, mita 4.5 kwa 8, unene sentimita 15 juu ya kifusi cha kokoto kilichoshindiliwa sentimita 15, inahitaji mita za ujazo 5.4 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) tengeni mifuko 43 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 2.4 na kokoto mita 4.8. Nondo za milimita 12 zikipangwa kila sentimita 20 pande zote mbili ni vipande 34 vya mita 12, pamoja na mapishano na mabaki. Nondo zikae juu ya vibao vidogo vya zege ili zizibwe na angalau sentimita 5 za zege kwa chini. Zikilala kwenye kifusi zitaota kutu na kupasua zege toka chini. Mchanga wa ziwani wenye tope na makombe usitumike bila kupimwa. Jaza nusu chupa ya mchanga, weka maji, tikisa, uache usiku mmoja. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, uosheni au mnunue wa mtoni.

Kabla zege haijakauka, chora mifereji yenye umbo la V, kina na upana wa sentimita 2.5, ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mstari wa katikati ya njia. Mifereji iliyonyooka kukata njia inashika tope. Ya mshazari inalimwaga pembeni, na gurudumu linapata meno ya kung'ata. Mwagilieni maji siku 7 bila kuruka, gari lisipite kabla ya siku 28.

Sehemu ya majini msiimwage hapohapo. Saruji itaoshwa na kubaki kokoto. Finyangeni vipande ufukweni: mita 2.2 kwa sentimita 30 kwa sentimita 15, kila kimoja kama kilo 240, nondo nne za milimita 10 ndani na ndoano mbili za kubebea. Watu wanane kwa magogo wanakimudu. Kwa urefu wa mita 12, mkiacha pengo la sentimita 2.5 kati ya safu, mnahitaji safu 37 za vipande viwili, jumla 74, na kama mifuko 58 ya saruji. Sawazisheni kitanda cha kokoto kwanza, telezesheni vipande juu ya magogo mawili, viungeni kwa nondo ya milimita 20 iliyopakwa zinki ikipita kwenye matundu, na jazeni mapengo kwa kokoto.

Kosa linaloua miteremko duniani kote ni injini. Mwenye boti anasukuma boti juu ya tela au ufukweni kwa nguvu ya propela, na maji yanayotoka nyuma yanachimba shimo mwisho wa zege na kujenga kichuguu cha mchanga mbele yake. Msimu mmoja tu, kipande cha mwisho kinaning'inia. Magurudumu ya tela yanaingia shimoni na ekseli inakatika. Zungusheni mwisho na pande zote mbili mawe ya sentimita 20 hadi 30, juu ya turubai la ujenzi linalopitisha maji, upana wa mita 2. Na pawe na kibao kinachokataza injini kuwashwa wakati wa kupandisha. Mlinzi anayekisimamia ana thamani kuliko lori la mawe.

Gati inayoelea

Kipande kimoja cha mita 2.4 kwa 6 kinaelezwa hapa. Viungeni viwili au vitatu kadiri ya kina. Mapipa 16 ya plastiki ya lita 200, manane kila upande, yamelala kukata upana wa gati, yanaweza kubeba kama kilo 3,000 kabla ya kuzama yote. Fremu na mbao vina uzito wa kama kilo 600. Watu 20 ni kilo 1,500. Hapo mapipa yamezama theluthi mbili tu, na huo ndio mwisho. Andikeni WATU 20 kwa rangi kubwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati ya Ukara, na watu zaidi ya 200 walifariki. Dakika za kukaribia gati, kila mtu akitaka kushuka kwanza, ni dakika za hatari kwa chombo chochote, hata kidogo. Pawe na mlango wa kamba unaozuia wanaopanda mpaka wanaoshuka waishe.

Mapipa yawe yaliyobeba chakula au mafuta ya kula, yasiwe ya dawa za mashamba. Vifuniko vikae upande wa juu na vizibwe kwa gundi ya silikoni: pipa likipata joto mchana na kupoa usiku linavuta maji kupitia uzi wa kifuniko, kidogokidogo, na gati inaanza kuinama upande mmoja bila mtu kuona tundu. Pipa la chuma msilinunue hata likiwa rahisi.

Mbao za mpaini au mkaratusi ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Ziungwe kwa bolti za milimita 12 zenye washa pana, kwa sababu msumari unang'oka kwa mtikisiko usioisha. Kati ya mbao za sakafu acheni pengo la milimita 8. Sakafu itakaa kama sentimita 60 juu ya maji, sawa kwa boti za watalii lakini juu sana kwa mtumbwi, hivyo upande mmoja wekeni kidato cha chini. Matairi chakavu pembeni, vichwa vya bolti vikiwa vimezama ndani ya mpira visikwangue boti.

Nanga ni mawe manne ya zege, mita 1 kwa 1 kwa nusu. Jiwe la kilo 1,200 nchi kavu linabaki na kama 700 majini, jambo linalosahaulika. Mnyororo wa milimita 13 uliopakwa zinki, urefu mara tatu ya kina, upishane chini ya gati ili boti zipite kando bila kunasa propela.

Daraja la kushukia lenye bawaba liwe na mita 6. Kwa mabadiliko ya nusu mita ya mwaka linabaki na mwinamo wa 1 kwa 12, na mtu wa kiti cha magurudumu anapita. Vitako vya zege vya bawaba jengeni viwili tangu mwanzo, cha pili mita 8 nyuma ya cha kwanza. Ziwa likipanda mita moja, mnafungua bolti, mnavuta gati nyuma kwa boti, na kazi inaendelea siku hiyohiyo.

Kutunza

Mlinzi akague kila asubuhi kwa kutembea ncha hadi ncha: mbao inayobonyea, bolti iliyojitokeza, boya la kuokolea na kamba yake ya mita 25. Mwani kwenye mteremko usuguliwe kila wiki mbili kwa ufagio mgumu na mchanga mkavu. Dawa ya kufulia isitumike, maji hayo ndiyo ya kunywa ya jirani.

Magugu maji yaondolewe kwa reki na kupelekwa juu, mbali na maji, yasirudi na wimbi. Zulia la magugu likisukumwa na upepo linakata minyororo. Kamba ya maboya au magogo ya mianzi upande wa upepo inalizuia. Kung'oa majani ya ukingoni kuna faida nyingine kubwa: konokono wa kichocho wanaishi humo. Gati inayomfanya mama asikanyage maji anaposhuka ni kinga ya kichocho, mradi tu pawe na choo mwaloni kinachotumika.

Kila mwezi kazeni nati zote na mpime gati inakaa sawa. Upande ulioshuka una pipa lililoingia maji. Bolti za bawaba zibadilishwe kila mwaka hata zikionekana nzima, kwa kuwa hazipumziki usiku wala mchana. Mnyororo unalika zaidi pale unapogusa chini. Nyanyueni kila Septemba, na pete iliyobaki na unene wa milimita 9 itupwe. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa, zinki inaungua pale. Pakeni rangi ya zinki mara mbili kabla ya kurudisha majini.

Oktoba maji yakiwa chini, gongeni zege kwa nyundo hatua kwa hatua. Sauti ya mtungi mtupu maana yake maji yamechimba chini yake. Toboeni, jazeni uji wa saruji na mchanga 1:3 mpaka utokee tundu la pili, na mrudishe mawe yaliyoteleza pembeni.

Stoo ya mwalo isikose vitu hivi: mapipa mawili yaliyozibwa tayari, mbao sita zilizokatwa kipimo cha sakafu, bolti 30 na nati zake, seti moja nzima ya bawaba, mita 10 za mnyororo, pingu nne za chuma zenye parafujo, na spana mbili zinazoingia kwenye nati hizo. Funguo zikae kwa watu wawili, mlinzi na mhazini wa BMU, na kila kinachotoka kiandikwe na kununuliwa tena ndani ya mwezi huohuo.